Programu ya Usalama Ikilalamikiwa Hadharani: Mwongozo Kamili wa Kujibu, kwa Kampuni na Mawakala

Huku kwetu lawama dhidi ya programu ya usalama haianzii gazetini. Huanza kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwenye kundi la mameneja wa Sacco au la maafisa wa tehama wa hospitali, na kufikia saa nne asubuhi umeshasambazwa kutoka Nakuru hadi Busia. Kampuni iliyotengeneza programu iko Texas au California, na huko bado ni usiku. Anayepigiwa simu ni wakala wa Kisumu aliyeuza leseni, mwenye ofisi ya vyumba viwili karibu na Oginga Odinga Street, ambaye hajui lolote zaidi ya anachokijua mteja.

Mwongozo huu ni wa wote wawili, mtengenezaji na wakala. Nina shauri moja kuu, na mengine yote yametoka humo: kila sentensi unayotaka kuitoa, ipime kwa kujiuliza kama afisa wa tehama aliyesimama mbele ya mashine iliyokwama anaweza kuitumia au kuihakiki. Kama hawezi lolote kati ya hayo, ifute. Sentensi kama “tunachukulia usalama wa wateja wetu kwa uzito mkubwa” haipiti hapo, na ndiyo maana kila anayeisoma hukasirika zaidi.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Kampuni ndogo ya Kisumu inatengeneza programu ya kulinda kompyuta za ofisi, na wateja wake wengi ni Sacco na zahanati. Alfajiri moja, siku ya wafugaji kulipwa pesa za maziwa, inatoa apdeti inayoiona faili ya mfumo wa uhasibu kuwa kirusi na kuifungia karantini, yaani mahali faili zinazoshukiwa hutengwa. Kaunta za Sacco moja ya Njoro zinakwama. Mhasibu anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi:

“Nyinyi watu wa antivairasi mmetufungia kaunta. Wazee wamepanga laini mpaka nje kwa duka la dawa, wananiuliza pesa yao iko wapi. Hii kitu yenu ndiyo virusi yenyewe. Kama kuna Sacco ingine hapa inaitumia, itoeni.”

Usikilize mara mbili kabla ya kukasirika. Ndani yake mna ukweli unaohakikika (kaunta zimekwama, asubuhi hii, mahali fulani), mna tusi, na mna ushauri wa hatari, yaani kuiondoa programu nzima na kuacha mashine wazi. Wauzaji wengi hujibu tusi kwanza. Anza na ushauri wa hatari, kwa sababu huo unatekelezwa wakati wewe unaandika.

Hatua ya 1: Panga mambo kabla hakujachafuka

Amua leo nani anaongea. Mtu mmoja na msaidizi wake, wenye ruhusa ya kutoa taarifa ya kwanza bila kusubiri kikao cha bodi. Kama taarifa yako inahitaji saini tatu, itatoka jioni, na jioni wazee wa Njoro wameshaenda nyumbani mikono mitupu.

Weka anwani ya barua pepe ya kupokea ripoti za usalama, isomwe na fundi, isiishie kwa dawati la mauzo. Kuna utaratibu unaokubalika duniani wa kuweka faili iitwayo security.txt kwenye tovuti yako, uliochapishwa mwaka 2022 kama waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 9116, unaomwonyesha mtafiti pa kupeleka alichogundua. Kuiandika ni kazi ya nusu saa. Pia weka ukurasa wa hali ya huduma kwenye seva tofauti na zile za bidhaa yako, usije ukazama pamoja nazo.

Kwa mtengenezaji mwenye mawakala: andaa orodha yao ya simu na uhakikishe taarifa inawafikia kabla ya wateja, hata kama ni kwa dakika kumi tu. Wakala anayesikia habari za bidhaa yake kutoka kwa mteja hawezi kukutetea, na pengine hatataka.

Hatua ya 2: Jua ni lawama ya aina gani

Hapa ndipo kampuni nyingi huharibu, kwa kuwa na jibu moja la kila jambo. Lawama zinazokuja hadharani ni za aina nne, na kila moja ina mwendo wake.

Ya kwanza ni bidhaa kuleta madhara sasa hivi, kama kule Njoro. Hii huhesabiwa kwa dakika. Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya programu za usalama, ilitoa apdeti mbovu saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki na kuirudisha saa 2:27. Dakika 78 tu, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zilianguka, na nyingi zilihitaji mtu afike, aiwashe mashine kwa hali salama na kufuta faili kwa mkono. Kuirudisha apdeti hakukuziinua mashine zilizokwisha kuanguka. Kwa hiyo tangazo la kwamba tatizo limerekebishwa lilikuwa kweli upande wa kampuni na si kweli hata kidogo upande wa mtu aliyetazama skrini ya bluu ya Windows iliyoanguka.

Ya pili ni mtafiti aliyegundua udhaifu na kuutangaza. Hii huhesabiwa kwa siku na wiki, na inahitaji adabu kuliko haraka.

Ya tatu ni kampuni yako yenyewe kudukuliwa. Hapa sheria inaingia, na saa zinahesabiwa na serikali, si na wewe.

Ya nne ni mwenendo: unauza data za wateja, umedanganya kwenye matangazo, umepandisha bei ya leseni kimyakimya. Hii watu wa mauzo huipenda kuiita propaganda za washindani, hata pale ilipo kweli. Mwezi Januari 2020 waandishi walifichua kwamba Avast, kampuni ya antivairasi, ilikuwa ikiuza historia za wateja za kuvinjari intaneti kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Mwanzoni ilijitetea kwamba data zilikuwa zimeondolewa utambulisho. Siku chache baadaye ikaifunga Jumpshot. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza dola milioni 16.5. Lawama ya mwenendo haizimwi kwa maelezo ya kiufundi. Huzimwa kwa kuacha unachokifanya.

Ujumbe mmoja unaweza kubeba aina mbili au tatu. Ukiwa na shaka, shughulikia kwanza ile yenye saa fupi zaidi.

Hatua ya 3: Taarifa ya kwanza, ndani ya saa moja

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome polepole. Taarifa ya kwanza inatoka ukiwa hujui kila kitu, na hilo si kasoro ukilisema wazi. Kwa mfano wetu, ingekuwa hivi:

“Saa 2:50 asubuhi. Apdeti tuliyoitoa saa 11:40 alfajiri ya leo inaifungia kimakosa faili ya mfumo mmoja wa uhasibu unaotumiwa na Sacco. Kosa ni letu. Tuliisimamisha saa 2:35. Kama kaunta zako zimekwama: fungua programu, nenda Karantini, tafuta faili yenye jina na hashi (alama ya kipekee ya faili) tulizoandika hapa chini, bonyeza Rejesha, kisha uzime na kuwasha mashine. Usirejeshe faili nyingine yoyote. Usiiondoe programu. Bado hatujajua kama kuna mifumo mingine iliyoguswa. Taarifa inayofuata ni saa 3:30, hata kama hatutakuwa na jipya. Nambari hii inapokelewa na fundi. Tunawaomba radhi, pamoja na wanachama wenu walio kwenye foleni.”

Angalia yaliyomo. Kuna saa nne tofauti, na kila moja inaweza kuhakikiwa. Kuna kazi ya kufanya sasa. Kuna jina na hashi ya faili, kwa sababu ukimwambia mhasibu mwenye haraka arejeshe vilivyomo karantini bila kumwonyesha kipi hasa, atarejesha pamoja na virusi halisi vya mwezi jana. Kuna kisichojulikana, kimetajwa kama kisichojulikana. Radhi iko mwishoni na ni fupi, lakini ipo.

Radhi kukosekana huonekana. Ujumbe wa kwanza wa mkuu wa CrowdStrike siku ile ulieleza kwamba halikuwa shambulio, kwamba tatizo limetambuliwa na marekebisho yametolewa. Yote yalikuwa ya kweli. Neno la kuomba radhi halikuwemo, na hilo ndilo watu walilolishika hadi alipolitamka baadaye runingani. Wanasheria hupenda kuliondoa neno hilo wakihofia litatumika mahakamani. Waambie wakupe namna ya kuomba radhi kwa usumbufu bila kukiri dhima ya kisheria. Hiyo ni kazi yao na wanaiweza.

Kisha toa taarifa ya saa 3:30 uliyoahidi. Hata kama ni mstari mmoja. Ukiikosa saa yako mwenyewe, kila utakachosema baada ya hapo kitasomwa kwa jicho la pembeni.

Jambo moja ambalo kampuni husahau: matapeli nao husoma habari. Baada ya tukio la CrowdStrike zilitokea tovuti bandia na faili bandia za “marekebisho” zenye virusi ndani. Huku kwetu tapeli hahitaji hata tovuti; atampigia mhasibu simu, ajitambulishe kama fundi wa kampuni, amwombe afungue programu ya kudhibiti kompyuta kwa mbali na kumsomea nambari. Sema kwenye taarifa ya kwanza ni nambari zipi mtapiga nazo, na kwamba hakuna fundi wenu atakayeomba nywila au nambari ya siri ya M-Pesa.

Hatua ya 4: Maneno ya kuacha

“Hakuna ushahidi kwamba…” Ni maneno salama ukiwa umeshatafuta. Ukiwa hujatafuta ni mtego unaojitegea mwenyewe. Sema ulichokiangalia: tumepitia kumbukumbu za seva za siku kadhaa, hatujaona hiki na kile, bado hatujapitia zile nyingine.

“Ni wateja wachache tu.” Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee, kampuni ya antivairasi, ilitoa apdeti iliyoiona svchost.exe, faili ya msingi ya Windows XP, kuwa kirusi. Mashine zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Kampuni ikasema walioathirika hawafiki nusu ya asilimia moja ya wateja wake wa kibiashara. Hesabu hiyo pengine ilikuwa sawa, lakini kwa hospitali iliyokwama yote, asilimia ni mia moja. Ukitaka kutaja idadi, itaje baada ya kueleza jinsi mtu atakavyojua kama yumo.

“Ni kosa la mfanyakazi mmoja.” Mwaka 2021, mbele ya Bunge la Marekani, viongozi wa wakati huo na wa zamani wa SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, waliulizwa kuhusu nywila “solarwinds123” iliyokuwa imevuja hadharani. Jibu likawa kwamba ni kosa la mwanafunzi aliyekuwa kazini kwa mazoezi. Hakuna aliyelikumbuka jina la mwanafunzi; kila mtu alikumbuka kampuni iliyomwachia mwanafunzi ufunguo huo. Hapa Kenya tuna tabia hiyohiyo ya kumtafuta kijana wa attachment. Usimtafute.

Halafu kuna ukimya, ambao nao ni jibu. Okta, kampuni inayosimamia utambulisho wa watumiaji, iliguswa Januari 2022 kupitia mkandarasi wake. Wateja walijua mwezi Machi, tena kutoka kwa wadukuzi wenyewe waliotoa picha za skrini. Siku hiyohiyo kampuni ikasema huduma yake haijaingiliwa, kisha ikasema wateja hadi 366 huenda wameguswa. Uchunguzi ulipoisha, ilibainika ni wateja wawili. Fikiria hilo: tukio la wateja wawili likawa kashfa ya dunia nzima kwa sababu ya miezi miwili ya kunyamaza. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba ilikosea.

DigiNotar ya Uholanzi, kampuni iliyotoa vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha kwamba tovuti ni halisi, ilikiri ikiwa imechelewa mno. Iligundua Julai 2011 kwamba wadukuzi wametumia mitambo yake kujitengenezea vyeti hivyo, ikavifuta ilivyoviona na kutosema neno. Mwisho wa Agosti mtumiaji mmoja wa Gmail nchini Iran akalalamika hadharani kuhusu cheti cha ajabu. Tarehe 20 Septemba kampuni ilikuwa imefilisika.

Hatua ya 5: Mtafiti akileta habari mbaya

Kijana wa mwaka wa nne Maseno au Masinde Muliro anafungua ukurasa wenu wa usimamizi, anabadilisha nambari moja kwenye anwani, na anaona orodha ya kompyuta za mteja mwingine. Ana njia mbili: kukwambia, au kuweka picha kwenye mtandao wa X. Atakayoichagua inategemea anavyokuogopa.

Na ana sababu ya kuogopa. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia mfumo bila idhini. Kwa hiyo idhini itoe mapema, kwa maandishi, kwenye tovuti yako: mifumo ipi inaruhusiwa kujaribiwa, mtu aishie wapi (aone udhaifu, asipakue data za watu), na kwamba anayefuata masharti hayo hamtampeleka polisi. Ahadi hiyo inakulinda wewe zaidi ya inavyomlinda yeye.

Ripoti ikifika, jibu ndani ya siku moja kwa jina la mtu halisi. Mwambie lini mtathibitisha, lini mnatarajia kurekebisha. Desturi iliyozoeleka, iliyopata nguvu kupitia Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta udhaifu, tangu 2014, ni siku 90 kabla ya kutangaza, na siku 7 tu kama udhaifu tayari unatumiwa na wadukuzi. Usimtake asaini mkataba wa kunyamaza kabla hajakueleza alichoona. Mkimaliza, mtaje kwa jina akikubali, na kama mna bajeti mlipe. Shilingi elfu ishirini kwa mwanafunzi ni pesa. Kwako ni bei ya leseni chache.

Mifano ya namna mbili za kupokea habari hizi ipo. Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alipochapisha uchambuzi mkali wa antivairasi ya Sophos, mwaka 2011 na tena 2012, kampuni ilirekebisha na kumshukuru hadharani, ingawa maneno yake yalikuwa makali kwelikweli. Mwaka 2015 afisa mkuu wa usalama wa Oracle, kampuni kubwa ya hifadhidata, aliandika makala ndefu akiwakemea wateja wanaochunguza msimbo wa programu za kampuni kutafuta udhaifu. Makala ikaondolewa haraka na kampuni ikasema hayo si mawazo yake. Na Desemba 2017, Keeper, inayotengeneza programu ya kutunza nywila, ilimshtaki mwandishi wa habari aliyeripoti udhaifu wake. Kesi ilikwisha bila ushindi wa kujivunia, na waliosikia habari za udhaifu huo kwa sababu ya kesi pengine ni wengi kuliko waliosoma ripoti yenyewe.

Desturi moja ya kwetu naitaja kwa sababu nimeiona ikifanywa bila aibu: kumpigia simu bosi wa mlalamishi. Yule mhasibu wa Njoro akiambiwa na meneja wake afute ujumbe kwa sababu “watu wa kampuni wamelalamika”, ataufuta. Picha za skrini zitabaki kwenye simu hamsini, sasa zikiwa na hadithi ya pili. Vivyo hivyo wafanyakazi kujifanya wateja walioridhika. Kundi la maafisa wa tehama wa Nakuru si kubwa. Wanajuana kwa sauti.

Hatua ya 6: Sheria na saa zake

Kama lawama inagusa data za watu, usianze kwa mwandishi wa taarifa, anza kwa saa ya ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inampa mdhibiti wa data, yaani anayeamua data zitumikeje, saa 72 tangu alipojua, kumjulisha Kamishna wa Data, pale penye hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika. Anayechakata data kwa niaba ya mwingine anatakiwa kumjulisha mdhibiti ndani ya saa 48 inapowezekana. Kampuni ya usalama mara nyingi iko nafasi hii ya pili: Sacco ndiyo mdhibiti, wewe ndiye mchakataji. Ukichelewa, unamla mteja saa zake. Na ile sheria ya 2018, kifungu cha 40, inataka mashambulizi yaripotiwe kwa kamati ya taifa ya uhalifu wa mtandaoni ndani ya saa 24.

Mpe wakili taarifa aisome, asiiandike. Mwekee muda: dakika ishirini kwa taarifa ya kwanza.

Hatua ya 7: Ripoti kamili

Moto ukizimika kuna hamu ya kuendelea na maisha. Bado una deni. Ndani ya wiki mbili au tatu toa ripoti inayoeleza chanzo kwa kiwango ambacho fundi wa nje anaweza kukufuata. CrowdStrike, pamoja na kuteleza mwanzoni, hapa ilifanya vizuri: tarehe 6 Agosti 2024 ilichapisha uchambuzi ulioeleza kwamba sehemu moja ya mfumo ilitarajia maingizo 21 huku nyingine ikitoa 20, na kwamba majaribio hayakuiona tofauti hiyo. Ikaahidi kutoa apdeti za aina hiyo kwa awamu na kuwapa wateja uwezo wa kuchagua lini waipokee. Ukisoma unaelewa. Unaweza kuwauliza mwakani kama wametekeleza.

Ripoti ya kampuni yetu ya Kisumu ingesema: orodha yetu ya majaribio haikuwa na mifumo ya uhasibu inayotumiwa na Sacco za Kenya, tumeiongeza, hii hapa orodha, kuanzia tarehe fulani apdeti itaanza kwa kompyuta chache, kisha zote baada ya saa kadhaa, na haitatoka tena alfajiri ya siku za malipo. Kurasa mbili zinatosha. Iandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwani bodi ya Sacco ni wakulima na wao ndio watakaoamua kama mkataba unaendelea.

Kabla ya kuichapisha, mpelekee mlalamishi rasimu. Atakuonyesha saa uliyokosea.

Epuka kuitoa mkesha wa sikukuu. Tarehe 22 Desemba 2022 LastPass, kampuni ya programu ya kutunza nywila, ilitangaza kwamba nakala za hazina za nywila za wateja zimechukuliwa, na hata kama ratiba ya uchunguzi ndiyo iliyoileta tarehe hiyo, kila mtu aliisoma kama hila.

Hatua ya 8: Fidia

Fupi tu: toa kitu kinacholingana na hasara au usitoe kabisa. CrowdStrike iliwatumia washirika wake vocha za chakula za Uber Eats za dola 10, na baadhi zikakataa kufanya kazi kwa sababu mfumo wa Uber uliona matumizi makubwa ghafla na kudhani ni ulaghai. Kilichosaidia jina lake kuliko vocha ni rais wake, Michael Sentonas, kwenda mwenyewe Las Vegas kupokea tuzo ya dhihaka ya kushindwa vibaya zaidi, mbele ya ukumbi wa wadukuzi, na kusema walikosea.

Kwa Sacco ya Njoro, tuma fundi kwa matatu siku hiyohiyo, akae hadi kaunta ya mwisho ifunguke. Kisha ongeza miezi kwenye leseni. Barua rasmi kwa wanachama, inayosema kosa halikuwa la Sacco, ina thamani ambayo meneja hatakuambia ila ataikumbuka.

Hatua ya 9: Lawama ikiwa si ya kweli

Hutokea. Kompyuta imekufa diski, antivairasi inalaumiwa. Mshindani anaeneza uvumi. Hapa pia toa kinachohakikika: omba sampuli, omba kumbukumbu za mfumo, sema ulichokuta, weka wazi jinsi mtu mwingine anavyoweza kurudia jaribio. Usitumie neno “uongo”. Jibu mara moja, kwa ufupi, kisha nyamaza. Ukijibizana siku tatu, umeipa habari siku tatu za ziada.

Lawama za kisiasa ni ngumu zaidi kwa sababu haziishii kwenye ufundi. Kaspersky, kampuni ya antivairasi ya Urusi, ilipotuhumiwa Marekani kuhusu uhusiano na serikali ya Urusi, ilianzisha mpango wa uwazi mwaka 2017 na kufungua Zürich mwaka 2018 kituo cha kukagulia msimbo wake. Marekani ilipiga marufuku mauzo yake mwaka 2024 hata hivyo. Wakala wa hapa anayeulizwa kuhusu jambo hilo hana haja ya kuitetea Urusi wala Marekani. Aseme marufuku inahusu nini, inaishia nchi gani, kampuni imefungua nini kwa ukaguzi, na amwachie mteja uamuzi, akiwa na bei ya bidhaa mbadala mfukoni.

Hatua ya 10: Wakala ambaye kampuni yake imenyamaza

Hii ndiyo hali ya wengi wetu upande huu wa nchi. Bidhaa si yako, lawama ni yako, na makao makuu hayajibu tiketi zako za kuomba msaada.

Toa taarifa yako mwenyewe, kwa jina lako, yenye mambo matatu: ulichokiona kwa wateja wako, hatua ya muda uliyoijaribu mwenyewe kwenye mashine ya ofisini na ikafanya kazi, na saa ulizoiandikia kampuni bila kujibiwa. Usibuni chanzo cha tatizo, hukijui. Tunza kumbukumbu za kila simu na kila barua pepe, kwa sababu mteja anaweza kudai fidia na utahitaji kuonyesha ulipofika.

Siku ya tatu bila jibu, waandikie wateja wote wanaokaribia kulipia upya leseni na uwaambie wasubiri. Utapoteza kamisheni ya mwezi huo. Ambatanisha maelezo ya kuhamisha mipangilio yao kwenda bidhaa nyingine, na orodha ya mashine zipi zianze kuhamishwa: kwanza zile za kaunta, halafu seva, mwisho za ofisi ya nyuma.